Kimo cha kiungo cha trela: Sentimita chache zinazohatarisha mzigo na maisha

MKULIMA anapoagiza trela dogo kwa fundi wa jua kali, mazungumzo yao aghalabu huhusu mambo matatu: urefu wa kitanda, unene wa chuma na bei. Ni nadra mteja kuulizwa iwapo anajua kimo cha kiungo cha gari litakalolikokota trela hilo.

Fundi naye hukadiria kwa macho. Huifunga ekseli chini au juu ya springi kulingana na vyuma alivyo navyo, kisha akachomelea kikombe cha kuungia kwenye ncha ya mkono wa trela. Rangi ikikauka, kazi huhesabiwa kuwa imekamilika.

Kasoro hudhihirika siku ya kwanza trela linapofungwa nyuma ya pikapu. Pua yake huelekea juu mithili ya mashua inayopanda wimbi, au huinama hadi gurudumu dogo la mbele likakaribia kukwaruza lami. Wenye magari wengi huliona hilo kuwa suala la sura tu, wakapakia nyasi au matangi ya maji na kushika njia.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Trela lisilolala sawa hugawa uzito wake vibaya, hulegeza mshiko wa magurudumu ya gari linalolivuta na, mwendo unapozidi, huanza kuyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine kiasi kwamba dereva hawezi tena kulidhibiti.

Ili kuelewa kiini cha tatizo, yafaa kwanza kutazama jinsi trela la ekseli moja linavyosimama. Uzito wake wote hubebwa katika sehemu mbili pekee: kwenye magurudumu yake na kwenye tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Sehemu ndogo inayokaa juu ya tufe ndiyo huitwa uzito wa pua, na ndiyo hulifanya trela litulie nyuma ya gari badala ya kutikisa mkia.

Ulaya, trela dogo hupakiwa ili uzito wa pua uwe takriban asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela na shehena. Marekani, ambako magari ya kukokota ni makubwa zaidi, wataalamu hupendekeza asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo trela la kilo 1,000 lililopakiwa kwa desturi ya Ulaya litaelemea tufe kwa kilo 50 hadi 70, nalo la Marekani kwa kilo 100 hadi 150.

Wanaoishi Kenya hukutana na desturi zote mbili, kwa kuwa matrela hutoka kila upande. Linaloamua ni gari lenyewe, kwani kila mtengenezaji huweka kikomo cha uzito ambao tufe linaweza kubeba. Kikomo hicho huandikwa katika kitabu cha gari au kwenye bamba dogo lililobandikwa kwenye chuma cha kukokotea, na hakifai kupitwa hata kidogo.

Sasa pua ya trela ikiinuliwa, kitovu cha uzito, ambacho aghalabu huwa juu ya ekseli, husogea nyuma. Uzito uliokuwa ukielemea tufe hupungua. Pua ikiinamishwa, kitovu husogea mbele na uzito juu ya tufe huongezeka.

Kiasi cha mabadiliko hayo hutegemea sana namna mzigo ulivyopangwa. Chukua trela la kilo 1,000 ambalo umbali kutoka tufe hadi ekseli ni mita 3, na ambalo pua yake imeinuka kwa sentimita 15 kupita kiasi. Mwinamo huo ni takriban nyuzi 3 tu, na mpita njia hawezi hata kuutambua.

Iwapo trela hilo limebeba mifuko ya saruji iliyolazwa chini, na kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ekseli, kitovu hicho kitasogea nyuma kwa sentimita 2.5. Uzito wa pua utapungua kwa kilo 8 hivi. Hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Lakini likiwa limebeba marobota ya nyasi yaliyopangwa hadi juu, na kitovu cha uzito kiko mita 1.2 juu ya ekseli, kitovu kitasogea kwa sentimita 6 na pua itapoteza kilo 20. Trela lililoanza safari likiwa na kilo 50 kwenye tufe litasalia na 30. Barabara ikianza kupanda mlima, au robota moja la mbele likishushwa njiani, kiasi hicho hupungua zaidi.

Basi ndiyo sababu mtu anaweza kukokota trela lile lile kwa mwaka mzima akibeba mchanga bila tatizo lolote, kisha likamshinda siku moja tu ya kubeba nyasi. Trela ni lile lile na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni kimo cha mzigo, nacho kimefichua kasoro iliyokuwapo tangu mwanzo.

Uzito wa pua unapokuwa haba, upepo wa lori linalopita au shimo moja kando ya lami hutosha kulifanya trela liyumbe. Msukosuko huo hujilisha wenyewe kadiri mwendo unavyozidi. Dereva anayekanyaga breki ghafla au kuongeza kasi ili kulinyoosha trela huzidisha madhara. Linalofaa ni kuondoa mguu kwenye kichapuzi taratibu, kushika usukani imara bila kuuzungusha huku na huku, na kuacha mwendo upungue.

Kwenye miteremko mirefu, kama ule wa kushuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, hatari huwa maradufu kwa sababu trela husukuma gari badala ya kuvutwa nalo.

Pua iliyoinama nayo ina balaa zake. Sehemu ya nyuma ya gari huelemewa, ya mbele ikawa nyepesi, na usukani ukapoteza uzito wake wa kawaida. Kwa gari ambalo injini huendesha magurudumu ya mbele, hali hiyo humaanisha kukwama kwenye tope jepesi. Aidha, taa za mbele huelekea juu na kuwapofusha madereva wanaokuja, jambo ambalo dereva mwenyewe halioni hadi amulikwe kwa hasira mara kadhaa.

Pamoja na hayo, mafundi wenye uzoefu hukubaliana kuwa kosa la kuinama kidogo ni afadhali kuliko la kuinuka. Trela lililolala sawasawa ndilo bora, na lililoinama mbele kwa sentimita 2 au 3 huvumilika. Lililoinuka halina utetezi.

Kuna wanaodhani kuwa trela la ekseli mbili huepuka matatizo haya kwa kuwa lina magurudumu manne. Kinyume chake, matrela mengine ya aina hiyo huadhibu makosa ya kimo vikali zaidi.

Ekseli zake zikiwa sentimita 80 kutoka moja hadi nyingine, mwinamo ule ule wa nyuzi 3 hufanya mojawapo kuwa juu ya mwenzake kwa sentimita 4. Pua ikiinuka, ekseli ya nyuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Ikiinama, ya mbele ndiyo huelemewa. Matrela yenye springi zilizounganishwa kwa kipande cha chuma kinachocheza katikati hugawana mzigo kwa kiasi fulani, lakini yale ambayo kila ekseli hujitegemea hayana nafuu hiyo. Tairi za upande mmoja wa mizani hupata joto, zikachakaa kabla ya wakati au kupasuka safarini.

Mwenye trela huilaumu tairi, akanunua nyingine, nayo ikapasuka vivyo hivyo.

Chimbuko la kutolingana kwa vimo hivi si uzembe wa mafundi pekee. Kanuni nambari 55 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viungo vya magari, ambayo hufuatwa Ulaya, huelekeza kuwa katikati ya tufe la gari dogo lililopakiwa pawe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini. Kanuni hiyo huyaachilia magari yaliyoundwa kwa njia mbaya. Matrela yanayoundwa huko, yawe ya farasi, ya mashua au ya jenereta, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Trela kama hilo likiletwa Kenya likiwa limetumika, hukutana na pikapu au gari la magurudumu manne yanayovuta, ambalo limeinuliwa makusudi ili lipite kwenye makorongo na matuta. Wengine huongeza springi ngumu na tairi kubwa zaidi. Tufe hujikuta sentimita 10 au 20 juu ya pale lilipotarajiwa na aliyeunda trela.

Upo mtego mwingine unaofaa kutajwa papa hapa, japo si wa kimo. Matufe yanayotumika kwa wingi ni ya milimita 50, lakini Marekani hutumia pia ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, na madogo ya inchi 1 na 7/8, ambayo ni chini ya milimita 48. Kikombe cha milimita 50 kikifungwa juu ya tufe hilo dogo kitaonekana kimeshika, kisha kitachomoka kwenye tuta. Kipimo huwa kimechongwa juu ya tufe au kwenye shingo yake, na kikombe nacho huwa na alama yake.

Kupima kimo si kazi ngumu wala ya gharama. Kinachohitajika ni tepu, pima maji ya mwashi na mahali palipo sawa kabisa, mathalani sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta.

Trela huwekwa peke yake, likainuliwa au kushushwa kwa jeki hadi pima maji ionyeshe kuwa kitanda kimelala sawa. Kisha hupimwa kutoka ardhini hadi sehemu ya juu ya ndani ya kikombe, pale ambapo kilele cha tufe hugusa. Kwenye gari hupimwa kutoka ardhini hadi kilele cha tufe. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo inayotakiwa kurekebishwa.

Watu wengi hukosea hapa kwa kupima upande mmoja hadi kileleni na upande wa pili hadi katikati ya tufe. Kwa tufe la milimita 50, kosa hilo pekee huleta tofauti ya sentimita 2.5.

Kosa kubwa zaidi ni kupima gari na trela vikiwa vitupu. Tuseme kikombe cha trela tupu kiko sentimita 43 kutoka ardhini, na kilele cha tufe la pikapu tupu kiko 58. Mtu ataagiza kishikilia tufe kinachoshuka kwa sentimita 15.

Lakini pikapu hiyo ikibeba watu na mzigo wake wa kawaida, na uzito wa pua ukiongezwa, springi za nyuma zaweza kushuka kwa sentimita 3 na tufe likawa 55. Springi za trela nazo zikibonyea kwa sentimita 2, kikombe huwa 41. Tofauti halisi ni sentimita 14. Kwa gari lenye springi laini pengo kati ya hesabu hizi mbili huwa kubwa zaidi, na aliyepima vitupu huishia na trela lililoinama.

Vipimo vikishajulikana, njia za kurekebisha ni kadhaa, na si zote zenye busara sawa. Iliyo rahisi ni kubadilisha kishikilia tufe, kwa kutumia kile kilichopinda kwenda chini au bamba nene lenye safu ya matundu ambalo tufe hufungwa kwa bolti katika kimo kinachotakiwa. Bamba hilo humfaa mwenye matrela mawili au matatu yasiyolingana.

Bolti zake zisiwe za kuokota karakanani. Zilizo imara huwa zimepigwa chapa ya namba 8.8 au zaidi kichwani.

Hata hivyo, tufe lililoshushwa hukaribia ardhi. Kwenye barabara za mashambani zenye matuta na makalvati yaliyobomoka, tufe lililo chini mno hulima udongo. Isitoshe, kadiri kishikilia kinavyorefuka kwenda chini ndivyo kinavyozidi kupinda chuma cha kukokotea kila gari linapofunga breki au kung'oa mwendo.

Kwa sababu hiyo, penye tofauti kubwa huwa afadhali kuliinua trela badala ya kulishusha tufe. Ekseli iliyofungwa juu ya springi yaweza kuhamishiwa chini yake, nalo trela likapanda kwa kiasi kinacholingana na unene wa ekseli na springi. Gharama yake ni kwamba mzigo wote hupanda pia, na trela refu kwenda juu hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Kwa hiyo njia hii haimfai anayebeba nyasi.

Njia iliyo nafuu kwa trela linalotengenezwa upya ni kuchomelea kikombe juu ya mkono wa trela badala ya chini yake, au kinyume chake, kabla rangi haijapakwa. Hapo mabadiliko ya sentimita 8 au 10 hupatikana karibu bure. Ndiyo maana mteja anayefika kwa fundi akiwa na kipimo cha tufe lake kilichoandikwa kwenye karatasi hujiokolea fedha na udhia mwingi.

Lisilokubalika ni kukata shingo ya tufe na kuiunganisha upya kwa kuchomelea, au kuliongezea tufe kipande cha bomba. Chuma cha tufe huandaliwa kwa joto maalum ili kiwe kigumu, na moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo. Kiungo kilichotengenezwa hivyo hukatika bila kutoa ishara, na mnyororo wa usalama, ambao wengi hawaufungi, ndio husalia kati ya trela na watembeao kando ya barabara.

Kuna hali ambayo hufanana na kasoro ya kimo ilhali sivyo. Trela lililopakiwa mzigo wote mbele huinamisha gari hata kama viungo vinalingana barabara. Njia ya kutofautisha ni kupima uzito wa pua wenyewe: mizani ya ghalani huwekwa chini ya kikombe, na kipande cha mbao kilichokatwa ili kikombe kisimame katika kimo kile kile cha tufe. Uzito ukiwa ndani ya kiwango na gari bado limezama nyuma, basi springi ndizo zilizochoka.

Kwa upande wa matrekta, mambo huwa mazito zaidi, kwani kosa la kimo laweza kumuua dereva papo hapo.

Katika maeneo ya miwa magharibi mwa Kenya, kuanzia Mumias na Nzoia hadi Chemelil, Muhoroni na Awendo, trekta likivuta trela ni mandhari ya kila siku. Trela hufungwa kwa pini inayopita katika jicho la mkono wake na chuma cha kukokotea kilicho chini, nyuma ya trekta. Chuma hicho kimewekwa chini kwa sababu maalum.

Kadiri kani ya kuvuta inavyokuwa juu, ndivyo trekta linavyoelekea kuinua magurudumu ya mbele. Chukua trekta lenye uzito wa kilo 900 kwenye ekseli ya mbele, na umbali wa mita 2.1 kati ya ekseli zake. Likivuta kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 2,000 katika kimo cha sentimita 45, ekseli ya mbele hupunguziwa karibu kilo 430. Zilizosalia zinatosha kuelekeza usukani.

Mnyororo ukifungwa katika kimo cha sentimita 90, ekseli ya mbele hupunguziwa takriban kilo 857. Zinazobaki ni kama kilo 43. Trekta likipanda kilima kidogo tu, au dereva akiachilia klachi ghafla, mbele huinuka na trekta likapinduka kinyumenyume katika muda usiozidi sekunde chache, kabla dereva hajapata nafasi ya kuruka.

Ajali za namna hii hutokea hasa pale trela limekwama kwenye tope na mtu akaamua kufunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma au kwenye kiungo cha juu cha mikono mitatu ya kubebea plau, kwa kudhani kuwa atapata nguvu zaidi. Kiungo hicho hakikuundwa kwa kukokota. Pini ya chini ndiyo mahali pekee panapofaa, hata kama kuifikia humlazimu mtu kulala matopeni.

Matrela makubwa ya miwa yenye ekseli ya mbele inayogeuka yana unafuu wake. Mkono wake huchezea bawaba, hivyo hupanda na kushuka bila kubeba uzito wa mzigo, na tofauti ya sentimita chache haina athari kubwa. Yale ya ekseli moja ndiyo huelemea trekta, nayo yanahitaji kulala sawa kama yale ya pikapu.

Kisheria, trela nchini Kenya husajiliwa kivyake na kupewa nambari inayoanza kwa herufi Z, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kutumia barabarani chombo kilicho katika hali ya kuhatarisha watu. Trela lililoinua pua na kuyumba katikati ya barabara laweza kuingia katika fungu hilo bila ubishi mwingi.

Baada ya kiungo kipya kufungwa, nati hukazwa tena kufikia mwisho wa safari ya kwanza, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa kati ya vyuma hulegea. Springi zikibadilishwa, tairi za kimo tofauti zikiwekwa au trela likifungwa kwenye gari la jirani, vipimo vyote hurudiwa upya kuanzia tepu ya kwanza.